Sangara mkubwa naye aachwe: ushauri wangu kwa wenye mitumbwi na BMU

Watu wengi wakiongelea uhifadhi wa sangara Ziwa Victoria utasikia wimbo mmoja tu, msivue wadogo, msivue wadogo. Ni kweli kabisa na mi siupingi, lakini nimekaa mwaloni (pale mitumbwi inaposhusha samaki) miaka mingi, nimepima samaki, nimepasua samaki, nimekaa vikao vya BMU, kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, mpaka usiku, na kinachoniuma zaidi siku hizi ni yule mkubwa, yule jike wa mita moja na kitu ambaye mtumbwi ukifika nae watu wote wanakusanyika kupiga picha.

Siku ukimpata mwenye mayai muangalie vizuri. Ile mifuko miwili imejaa tumbo zima, rangi ya njano iliyopauka, na kila yai ni dogo kuliko punje ya ulezi. Jike mkubwa anabeba mayai mamilioni, wakati jike wa nusu mita mara nyingi hajazaa hata mara moja, maana dume ndo anawahi kukomaa, jike anachelewa sana, inabidi akue vya kutosha kwanza. Na huyu ni samaki anayeweza kuishi miaka zaidi ya 15 na kufika karibu mita mbili, kilo 200. Kwahiyo ukimtoa yule mama ziwani usidhani mwakani atakuja mwingine wa saizi ile ile kuziba pengo.

Ndo maana kile kipimo cha slot size, yaani urefu wa sangara anayefaa kuvuliwa, sentimita 50 mpaka 85, kiliwekwa na ncha mbili. Ya chini inamlinda mtoto, ya juu inamlinda mzazi. Ya juu imekuwa na mvutano muda wote na nchi zetu tatu haziisimamii kwa namna moja, kwahiyo kabla hujaingia majini muulize afisa uvuvi wako sasa hivi inasemaje, usitegemee maneno ya mwaloni. Ila mi nakwambia hata pale sheria inapokuruhusu kumchukua mkubwa, usimfanye yeye ndo lengo la safari yako.

Sasa wengi wanasema tutamrudisha majini. Jamani, hairudishiki kirahisi hivyo. Sangara akivutwa kutoka kwenye kina bondo (mfuko wake wa hewa tumboni) linajaa upepo, tumbo linamtoka mdomoni, na aliyelala kwenye nyavu usiku kucha asubuhi unamkuta ameshakufa. Uamuzi unafanyika nchi kavu, siku unayonunua zana.

Nyavu yenye tundu la inchi 7 inafanya kazi nzuri sana ambayo watu hawaisemi: mdogo anapita katikati ya matundu, wa wastani ananasa, na yule mkubwa sana kichwa hakiingii kwenye tundu kwahiyo mara nyingi anaponyoka. Yaani nyavu yenyewe inakuchagulia. Ndoano hazina huruma hiyo. Ukitega ndoano kubwa na chambo hai, mfano kambale wadogo, unaenda moja kwa moja kwa wale wazazi, na ukitega ndoano ndogo (kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua) unaokota watoto. Kama mwalo wenu umejaa ndoano tupu basi kikao chenu kianzie hapo. Kokoro (nyavu ya kukokota mpaka ufukweni) na nyavu za uzi mmoja wa plastiki sina haja ya kuzieleza, zimekatazwa na kila mtu anajua kwanini.

Halafu kuna mabondo. Hapa ndo penye tatizo lenyewe, maana bondo la samaki mkubwa ni kubwa na nene, linaenda China na Hong Kong, na bei ya kilo inapanda kadiri bondo linavyokuwa kubwa, kwahiyo kwa samaki mmoja mkubwa bondo peke yake linaweza kumlipa mvuvi kuliko minofu. Mnunuzi analishika, analibonyeza, anaangalia unene, bei inapanda pale pale. Mi ningeshauri BMU iandike kwenye daftari sio kilo za samaki tu, iandike na urefu wa kila sangara anayepita sentimita 85 na kama ni jike mwenye mayai. Mkiwa na daftari la mwaka mzima hamtabishana kwa hisia, mtaona wenyewe wakubwa wanapungua au la.

Kuna wanaosema sangara mwenyewe ni mgeni, aliletwa miaka ya 50 na 60, akala furu wetu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, wengi wakapotea, na anakula hata watoto wake, sasa ya nini kumhifadhi? Furu naumia nao sana. Lakini leo viwanda, wachuuzi wa kayabo (samaki wa chumvi) na mapanki (mifupa inayobaki baada ya minofu), ada za watoto shuleni, vyote vimemshikilia yeye, na akiisha furu waliopotea hawarudi.

Operesheni nazo tumeziona, Operesheni Sangara ya 2018 kwetu Tanzania, jeshi lililoingia ziwani kule Uganda 2017, nyavu nyingi zikachomwa. Ila mi naona tajiri mwenye mtumbwi ana nguvu kuliko moto. Chora rangi ndani ya ubao wa mtumbwi, alama ya 50 na ya 85, samaki alazwe bapa, mdomo umefungwa, upime mpaka mwisho wa mkia. Wa chini ya 50 usimnunue kwa vijana wako hata kwa bei ya kayabo, usimpokee hata bure. Na angalia sana kitoweo, yaani samaki ambao vijana wanabeba kwenda kula nyumbani, kwasababu wadogo wengi wanatoka ziwani kwa jina hilo, kila kijana anabeba watatu wanne na hakuna anayehesabu. Wape vijana kitoweo kutoka kwenye samaki halali, kikatwe kwenye hesabu yako wewe, halafu uone wiki ijayo wanatega wapi.