Mnauliza, Tunajibu: Manowari iliyotolewa bandarini usiku

Ndugu wahariri, nimesoma habari za Hermione, manowari ya Waingereza iliyoangukia mikononi mwa Wahispania, kisha ikarudi. Mashua za makasia ziliwezaje kuitoa chini ya ngome? Na kwa nini wasiizamishe tu? — Mpakizi, bandari ya Kituku, Goma

JIBU: Kuizamisha kungewapa nini? Merikebu iliyotekwa ilithaminiwa na kununuliwa na serikali, fedha zikagawanywa kuanzia nahodha hadi baharia wa mwisho. Mbao, kamba na mizinga ni mali.

Hermione ilishushwa majini Bristol mwaka 1782. Usiku wa 21 Septemba 1797 mabaharia, wamechoshwa na viboko vya nahodha Hugh Pigot, walimuua pamoja na maofisa tisa, wakaikabidhi kwa Wahispania La Guaira, Venezuela ya leo. Ikaitwa Santa Cecilia.

Usiku wa kuamkia 25 Oktoba 1799, Edward Hamilton, nahodha Mwingereza wa manowari Surprise, aliingia Puerto Cabello, bandari ya Venezuela ya leo ilikotia nanga Hermione, na mashua sita, watu kama 100. Ngome ilikuwa na mizinga karibu 200. Wewe mtu wa bandari utaelewa siri yenyewe: kazi iligawanywa kabla ya kuondoka. Wengine hawakutakiwa kupanda kabisa. Walibaki chini na mashoka, hawa wakate amari (kamba ya nanga) ya omo, yaani mbele, wale ya tezi, yaani nyuma. Amari ya katani, nene kama paja, haikatwi kwa kisu. Waliopanda nao walikuwa na mafungu: wa kupigana sitahani, na wa kukwea milingoti moja kwa moja kufungua matanga. Kisha mashua zivute.

Ukikata amari mapema, kabla ya matanga kushika upepo, chombo kinasukumwa ufukweni. Ukichelewa, ngome inakulenga. Hata hivyo mpango uliyumba: mashua kadhaa ziliacha kazi yake zikaanza kupigana na boti la ulinzi, Hamilton akapanda na watu wachache kuliko alivyokusudia. Akapigwa kichwani vibaya. Wahispania 119 walikufa, Mwingereza hakufa hata mmoja. Kufikia saa nane usiku walikuwa nje ya shabaha ya ngome.

Hermione ikapewa jina Retaliation, kisha Retribution, ikavunjwa Deptford, London, mwaka 1805. Na hiyo Surprise iliyoikomboa? Ilikuwa ya Wafaransa, Unité, iliyotekwa mwaka 1796.