Kabla hujapanda mtumbwi kufuata njia ya babu zako Lualaba

Kila nikikaa barazani Ujiji lazima atokee kijana aniulize, kaka, ile safari yako ya mto Lualaba, kule mashariki ya Kongo, na mimi naitaka, naanzia wapi? Nimechoka kurudia, kwahiyo naandika yote mara moja kwa ninyi wajukuu wa Wamanyema, wale waliotoka Maniema ya Kongo, mlioko Ujiji, Tabora, Kariakoo na kwingine, mliokua mkisikia bibi anasema "sisi watu wa Nyangwe" na hamjui hata Nyangwe yenyewe iko upande gani wa ziwa Tanganyika. Mimi na binamu yangu tuliteremka Lualaba kwa mtumbwi wa makasia, siyo boti ya injini, na tulifanya makosa mengi tu ambayo ninyi hamna haja ya kuyarudia.

Kosa letu la kwanza lilikuwa ramani. Sisi tulikaa na simu tukachora mstari kutoka Kasongo mpaka Kisangani tukasema basi, maji yanashuka kaskazini, tunakaa ndani tunashuka nayo. Hakuna kitu kama hicho. Mto unapitika vipande vipande: Kasongo mpaka upande wa Kibombo kama km 110, hapo Nyangwe iko njiani, halafu kuna maporomoko, unatoka majini unatafuta treni au pikipiki mpaka Kindu, halafu Kindu mpaka Ubundu kama km 310 ndo kipande kitamu, halafu Ubundu mto unakatika tena, maporomoko saba mfululizo mpaka Kisangani. Wabelgiji walijenga reli ya km 125 pale Ubundu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu hiyo hiyo, hakuna chombo kinachopita. Treni usiitegemee sana, sisi tulisubiri siku mbili tukaishia kukodi pikipiki, mizigo imefungwa nyuma kama kuku wa mnadani.

Sasa kitu ambacho nilikuwa sikijui kabisa, na naona wengi hamkijui. Babu zetu hawakuwa watu wa mto. Walikuwa watu wa miguu. Walitoka pwani na karavani, Bagamoyo, Tabora, Ujiji, wakavuka Tanganyika, wakatembea mpaka Maniema kutafuta pembe za ndovu, na walipofika Lualaba wakasimama ukingoni wanatazama maji mapana, mitumbwi hawana. Mitumbwi ilikuwa ya Wagenya, wavuvi wa huo mto. Livingstone, yule mzungu mpelelezi, alikaa Nyangwe mwaka 1871 kama miezi minne anabembeleza mtumbwi na hakupata. Hata Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alipomsindikiza Stanley, mzungu mpelelezi mwingine, waliondoka Nyangwe Novemba 1876 wakaanza kwa kutembea msituni, na Desemba Tippu Tip akageuza kurudi, Stanley akaendelea na mto na mitumbwi waliyoipata hukohuko njiani. Kwahiyo mtu akikwambia anafuata "njia ya mto ya mababu" mwambie nusu yake ni matope na siafu.

Ndo maana nasema ukifika jambo la kwanza tafuta watu wa maji wa palepale, usije na kamtumbwi kako ka plastiki ulikoagiza mtandaoni ukajiona nahodha. Sisi tulipata wazee wawili na kijana mmoja wa kupiga kasia na upondo. Usimchukue anayesema anaujua mto wote, muulize anaujua mpaka wapi. Wazee wetu walituambia wazi, sisi mwisho wetu Lowa, baada ya pale mutafute bengine. Tukaona wanatukwepa, binamu akakasirika, kumbe walikuwa wanatuokoa, maana mchanga wa mto unahama, mkondo wa mwaka jana siyo wa mwaka huu, na mtu wa kijiji ndo anajua leo asubuhi maji yanapita wapi. Tulibadilisha watu Lowa na hatukujuta.

Siku za mtoni zinaendaje? Mnaondoka alfajiri, mchana jua linapiga juu ya maji mpaka macho yanauma, na alasiri kuanzia saa tisa tisa hivi mawingu yakianza kujaa mnaegesha, hata kama kijana anasema tufike kijiji cha mbele. Tulibisha mara moja tu. Upepo ulikuja mawimbi yakaingia ndani, tukawa tunachota maji kwa sufuria ya ugali, na mchele kilo 20 wote ukalowa. Tangu siku hiyo mzee akitazama mbingu tu mimi nishaanza kukusanya vitu. Kwa hesabu yetu tulikwenda kama km 40 kwa siku, kuna siku hatukufika hata 25. Jaketi za kujiokoa nunueni kabla, zivaeni, msizikalie. Simu funga kwenye mfuko usioingiza maji, chandarua, dawa ya malaria, maji ya kuchemsha, hayo mnayajua sitaki kuandika kama nesi.

Hela: dola ikiwa na mchaniko hata wa ukucha haipokelewi, nenda na noti mpya na faranga ndogondogo. Picha: usipige bandarini wala penye askari. Mimi nilipiga picha ya ndege kwenye nguzo, ndege mnyama jamani, nikakalishwa kwenye ofisi moja nusu siku. Na kila kijiji mnacholala mnaenda kwanza kwa chifu, mnasalimia, mnaeleza mmetoka wapi, mnatoa chumvi na sabuni. Saa nazo, mko nyuma saa moja ukilinganisha na Tanzania, tulimkosa dereva wa pikipiki kwa upuuzi huo.

Lugha haitawasumbua, ila msicheke. Kiswahili chao siyo kibovu, ni mtoto wa Kiswahili kilekile kilichopelekwa na karavani, kimekua kwao. Binamu alimsahihisha mama mmoja sokoni Kindu, mama akamwangalia akampandishia bei ya sombe, yaani kisamvu.

Halafu hili ndo zito. Mimi niliondoka na hadithi ya babu mfanyabiashara, mngwana, kanzu nyeupe, bunduki begani. Kuna kijiji kabla ya Ubundu tulikaribishwa vizuri, tukala wali na samaki, na mzee wa pale akaniuliza taratibu tu: "Babu yenu alipitaka hapa na bunduki, ao na kamba mu shingo?" Sikuwa na jibu. Maana jina hili letu la Wamanyema limebeba watu wa aina zote mbili, walioteka na waliotekwa, na wengine walitekwa watoto wakakua wakashika bunduki wao wenyewe. Pale Nyangwe sokoni, Julai 1871, watu wa hao wafanyabiashara walifyatulia risasi umati, wakafa mamia, wengi wanawake waliokuja kuuza vitu vyao, na Livingstone alikuwepo akaandika. Usiende mtoni hujalijua hilo halafu ukaanza kujitamba kwa watu kwamba wewe ni mjukuu wa waanzilishi. Kabla hujaondoka kaa na wazee wako nyumbani, uliza jina la kabila la kule siyo "Manyema" tu, uliza nani alikuwa mama yake babu, rekodi kwenye simu. Mimi niliuliza nikisharudi, na bibi mmoja aliyekuwa analijua alishafariki.

Kisangani mtaipenda, nendeni mkaone Wagenya wanavyotega mitego ya matenga kwenye yale magogo marefu juu ya maporomoko, kuleni lituma, zile ndizi za kupondwa, pumzikeni. Ikweta mtaivuka kati ya Ubundu na Kisangani, sisi tuliivuka tumesinzia.

La mwisho nililisahau kabisa na ni la hela. Ukipatana bei na wapiga kasia, patana na ya kurudi. Wewe unashuka na mkondo, wao wanarudi wakipambana nao, siku zinaweza kuwa mara mbili na tumbo linahitaji kula. Sisi tulipatana ya kwenda tu, na tulipofika Ubundu kijana mmoja wa wale tuliowachukua Lowa akasimama anatutazama hasemi kitu, mpaka binamu akashtuka. Tukawaongezea, tukawaachia chumvi yote iliyobaki, sufuria na turubai, wakageuza mtumbwi wakaanza kupanda pembezoni mwa mto wanasukuma na upondo, polepole sana, na sisi tukaenda kutafuta pikipiki.