Ukihama kutoka picha kwenda video na DSLR, shata ndo ya kwanza kubadilisha

Wadau, vijana wengi hapa Bagamoyo siku hizi wana DSLR, zile kamera kubwa za kubadilisha lenzi, na wanapiga picha kali kweli, ila ukiangalia video zao unaumia macho, ngalawa inapita utadhani inarukaruka. Na kamera ni ileile, lenzi ileile. Mara nyingi tatizo ni shata, kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, kasi yake inahesabiwa kwa sehemu ya sekunde, tuanzie hapo.

Kwenye picha shata ya kasi inakusaidia, mvuvi anarusha wavu unaweka 1/1000, matone ya maji yanaganda hewani, safi kabisa. Sasa ukihamia video ukaiacha hiyohiyo 1/1000, kila fremu, yani kila picha moja ndani ya video, inatoka imeganda kivyake na zikifuatana mwendo unakuwa wa kukatakata. Kanuni ni namba ya shata iwe mara mbili ya fremu, yani fremu 25 kwa sekunde unaweka 1/50, fremu 50 unaweka 1/100, na kamera iwe kwenye manyuo, yani unaiseti mwenyewe kwa mkono, isije ikajibadilishia yenyewe katikati. Afu ingia kwenye menyu uangalie kama iko PAL, yani mfumo wa video wa fremu 25 au 50, maana kamera iliyotoka Marekani au Japani mara nyingi inakuja na NTSC ya fremu 30, ukiingia nayo ukumbini kwenye harusi, umeme wetu ni wa 50 Hz, taa zinaanza kukuchorea mistari inayotembea juu ya gauni la bi harusi. Ukiweka fremu 25 na 1/50, kwa taa nyingi hiyo mistari inaondoka.

Utaniuliza, na jua letu hili je? Saa saba mchana pale ufukweni, ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga, hapo uko chini) na shata 1/50, utajikuta umefunga apacha, lile tundu la mwanga kwenye lenzi, mpaka f/22, kadogo kabisa, na hapo picha inaanza kupoteza ukali na kila kitu nyuma kinaonekana, hata ndoo za samaki ambazo hukuzitaka. Dawa ni filta ya ND, kile kioo cheusi cha kuvisha mbele ya lenzi. ND64 inakata mwanga stopu 6, kila stopu moja inapunguza mwanga nusu, kutoka f/22 unarudi mpaka f/2.8 bila kugusa shata. Mimi kwa kweli naona ukishakuwa na lenzi moja nzuri, nunua hii kabla ya kuwaza kamera mpya.

Kama huna, cheza na saa. Bahari yetu iko mashariki kwa hiyo alfajiri jua linatokea majini, ngalawa zinakuwa vivuli vyeusi vizuri sana, na ukitaka sura za watu na rangi za matanga njoo saa kumi na moja jioni, jua liko upande wa mji linawamulika usoni wanaorudi. Waombe ruhusa kwanza, wale wako kazini.

Kitu kingine cha DSLR, ukirekodi kile kioo cha ndani kinanyanyuka, kwenye kitundu cha kuchungulia huoni kitu, unategemea skrini ya nyuma ambayo juani haisomeki. Jifunike kanga, kuza picha mara 10, weka fokasi kwa mkono ndo ubonyeze kurekodi. Na kanzu! Kamera ikiona weupe mwingi inatia giza, bwana harusi uso wote unapotea, kwa hiyo pima mwanga usoni kwake, afu angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, kanzu isiungue ikawa weupe mtupu.

Sauti sitasema mengi, maiki ya ndani ya kamera kwenye upepo wa kusi ni mvumo mtupu, tafuta rekoda ndogo uiweke karibu na sheikh. Ujue pia DSLR nyingi zinajikata zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwenye nikaha simamisha na uanze upya kabla ya khutba, usisubiri ikate ijab na kabul.

Usibadilishe lenzi ufukweni. Ukirudi nyumbani, puliza mchanga kwanza kwa pampu ya mkono ndo upitishe kitambaa, ukianza na kitambaa unakwaruza kioo, afu ifungie kwenye boksi la plastiki na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, maana kwa unyevu wa pwani hii fangasi wakishaingia ndani ya lenzi kuwatoa ni gharama.