Maswali Yenu: Kazi za Kanisa na Mikono ya Kuzipokea

Swali: Ushirika wetu hapa Wete una nyumba kama 30. Ibada, misiba, wagonjwa, hesabu, hata bati linalovuja, vyote vinanisubiri mimi. Kila nikiomba wasaidizi madhabahuni mikono inanyooka, lakini Jumamosi ya kazi najikuta na mlinzi tu. Nakosea wapi? *Mchungaji, Pemba*

Jibu: Mchungaji, unakosea pa kuombea. Tangazo la madhabahuni humwita kila mtu, na kila mtu hudhani mwenzake ataitika. Mkono ulionyooshwa mbele za watu ni adabu, haujawa ahadi. Mfuate mtu nyumbani kwake, mtajie kazi moja, kisha mpe wiki nzima ya kufikiri. Akikataa, shukuru uondoke. Anayekataa leo hakusumbui kama yule anayekubali kisha akazima simu.

Kabla ya kumfuata yeyote, andika kwa siku 14 kila ulichofanya na saa zilizokwenda. Halafu pitia orodha na kalamu. Meza ya Bwana, ubatizo na mtu aliyekuja na siri yake, hayo yabaki kwako. Kutembelea wagonjwa, kuongoza sala ya katikati ya wiki na darasa la kipaimara vinagawika, ila kwa mafunzo: mara mbili msaidizi aende nawe akitazama, mara mbili afanye yeye ukitazama, ndipo umwachie. Bati, kununua umeme na kufuatilia fundi havikuwa vyako tangu mwanzo.

Kutoka 18 tunaikumbuka kwa hesabu zake: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Tunachokisahau ni kwamba Yethro, mkwewe Musa, alimshauri awape wakuu hao madaraka ya kuamua. Mashauri madogo yalikatwa hukohuko, makubwa tu ndiyo yaliyopanda kwa Musa. Wachungaji wengi hutoa kazi wakabaki na uamuzi mfukoni. Msaidizi anayekupigia kuuliza kama anunue misumari hajakupunguzia kitu, amekuongezea simu. Kwa hiyo mwandikie nusu ukurasa: kazi ni ipi, siku gani, fedha kiasi gani anaweza kutumia bila kuuliza (tuseme Sh. 20,000 kwa risiti), jambo gani lazima likufikie, na kazi yake inaisha tarehe ngapi. Hiyo tarehe ya mwisho usiiache. Mtu mwema huogopa kazi isiyo na mlango wa kutokea, na asiye mwema huifanya milki yake.

Kwa nyumba 30, wasaidizi wanne wanatosha, kila mmoja nyumba saba au nane. Gawa kwa shehia, usigawe kwa urafiki wala kwa kwaya. Faida yake utaiona usiku wa msiba: msaidizi ameshajulikana kwa sheha wake, taarifa imeshafika, na familia imeshaulizwa kama maziko ni hapa au mwili unavushwa kwenda bara. Wewe unakuja kusali na kufariji.

Jambo moja la mwisho. Katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Soma majina ya wale saba waliochaguliwa kuisimamia: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Kama kwenu wazaliwa wa Pemba wananung'unika kwamba kila kitu kimeshikwa na watu wa bara, msiwaundie kamati ya kuwatuliza. Wapeni kazi yenyewe.

Swali: Vijana wetu wengi wanafanya kazi mahotelini. Mwalimu wa watoto, mpiga kinanda na wapokea wageni wote hupotea kuanzia Juni. Tuwaone hawana moyo? *Mzee wa kanisa, Kiwengwa*

Jibu: Moyo wanao, wasichokuwa nacho ni Jumapili. Wageni wakijaa, kuanzia Juni hadi Septemba na tena Desemba hadi Februari, zamu hupangwa na meneja na siku ya mapumziko inaweza kuwa Jumanne. Masika nako kuna shida yake: Aprili na Mei hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga, na vijana hurudi kwao bara. Wanaoweka semina ya wasaidizi mwezi wa Mei wakidhani watu wana nafasi hukuta viti vitupu. Fundisheni Oktoba na Novemba, kisha wakumbusheni mwanzoni mwa Juni.

Kila kazi iwe na watu wawili, na wawili hao wasiwe wa hoteli moja. Mwalimu wa watoto anayefanya kazi hotelini apangwe na mama wa nyumbani au mwalimu wa skuli. Kwa watoto, hata bila habari ya zamu, watu wazima wawili chumbani ni lazima. Pawe na daftari moja linalobaki kanisani: somo lilifika wapi, nani hakuja, ufunguo uko kwa nani. Wenye uhamisho, yaani askari, walimu na wauguzi, wanaweza kuondoka kwa taarifa fupi, na daftari hilo ndilo litakalomfundisha anayeingia.

Mkutano wenu wakati wa Ramadhani usiishie karibu na magharibi. Saa ya futari daladala huadimika, na msaidizi aliyekwama barabarani mara moja hatakuja mara ya pili. Mwezi huo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana msiinakili tu.

Swali: Nahesabu sadaka peke yangu kwa kujitolea. Sasa nasikia minong'ono. Niache? *Msharika, Mjini Unguja*

Jibu: Dada yetu, usiache huduma, acha kuhesabu peke yako. Kuanzia Jumapili ijayo muwe wawili msio wa nyumba moja, mhesabu palepale kanisani kabla kapu halijatoka. Andikeni noti kwa noti: ngapi za 10,000, ngapi za 5,000, za 2,000, za 1,000, kisha sarafu. Jumla peke yake haitoshi, kwa sababu ikipungua hakuna anayeweza kuonyesha imepungua wapi. Dola za wageni ziwe na mstari wake, zibadilishwe benki na zisibadilishwe kwa msharika mwenye kiwango kizuri. Wote wawili wekeni sahihi. Mtu wa tatu apeleke benki Jumatatu, na stakabadhi ibandikwe kwenye ukurasa uleule wa daftari.

Sadaka za simu zisiingie kwenye namba yako binafsi hata kwa wiki moja. Namba iwe ya kanisa, na taarifa ya miamala isomwe na mtu mwingine kila mwisho wa mwezi. Yaliyopita, mwombe mzee wa kanisa akae nawe alinganishe daftari lako na hati za benki za miezi mitatu, na matokeo yasomwe na yeye ibadani, si na wewe.