Kwa mwalimu uliyekabidhiwa chumba cha kompyuta

Mwalimu mwenzangu uliyepewa somo la kompyuta kwa sababu tu wewe ndiye mdogo kuliko wote ofisini, karibu. Na mimi nilianza hivyo hivyo.

Kipindi changu cha kwanza hakikufika robo saa. Kompyuta 14, wanafunzi 46, intaneti ni ya simu yangu. Nikawaambia wote wafungue tovuti ya Scratch, programu ya kujifunzia kuandika programu kwa kuunganisha vipande vya maagizo, vinavyomwendesha paka kwenye skrini. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, bando likakata, macho yote yakanigeukia. Tangu siku hiyo siingii na kitu kinachotaka mtandao kama sijakijaribu chumbani humo humo, saa ile ile ya kipindi.

Kwa hiyo pakua mapema. Scratch, iliyotoka MIT kule Marekani mwaka 2007, ina toleo la kusakinisha ambalo ni la bure. Ukilipata kwenye mtandao mzuri, liweke kwenye flashi, pita mashine moja moja. Toleo la sasa linataka Windows 10. Mashine zetu za msaada zenye Windows 7 niliziwekea Scratch 1.4. Sura yake ni ya kizamani, lakini paka anatembea. Ila kazi iliyotengenezwa kwenye toleo jipya haifunguki kwenye lile la zamani, kwa hiyo kila mwanafunzi abaki na mashine yake. Pia, kwenye toleo jipya, vipande vya kutamka maneno na kutafsiri vinadai mtandao hata baada ya kusakinisha. Usipolijua hilo utashinda unakagua spika.

Toleo jipya lina Kiswahili pia. Kidato cha kwanza naanza nacho, kisha baada ya wiki chache nawarudisha kwenye Kiingereza, maana mtihani hautawasubiri. Wenzangu wengine hawaoni haja ya kubadilisha lugha mara mbili. Mimi nimeona mtoto akielewa kwanza, hayo maneno mengine anayadaka.

Mazoezi? Wape mraba. Songa, geuka nyuzi 90, rudia mara nne, kalamu ikiwa chini. Mwanafunzi mmoja hakubadilisha namba hata moja: aliacha nyuzi 15 na marudio 10 kama programu ilivyomletea. Skrini ikamchorea kitu kama mundu. Mkono wangu ulishafika kwenye kipanya nimsahihishie, nikaurudisha. Nikamuuliza, "Huo mundu ukiendelea utafika wapi?" Wakainamiana watatu, wakagawa 360 kwa 15, wakaandika 24. Duara likafunga. Mraba wangu hakuna aliyeukumbuka tena, na hesabu ya pembe iliyowasumbua muhula mzima ilipita hapo bila chaki.

Siku umeme ukikatika, usiwape kazi ya kunakili. Kuna mazoezi ya bure yaitwayo CS Unplugged, ya Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, yasiyohitaji kompyuta kabisa. Kata manila vipande vitano, chora nukta 16, 8, 4, 2 na 1, wanafunzi watano wasimame mbele nazo. Taja 19: wa 16, wa 2 na wa 1 wanaonyesha, wengine wanageuza. Anayeonyesha ni 1, aliyegeuza ni 0, ndivyo kompyuta inavyoandika namba. Darasa lisome 10011. Kisha waulize namba kubwa wanayoweza kufika. Watabishana hadi wapate 31.

MakeCode, programu ya kuandikia maagizo ya micro:bit (kibao kidogo cha kompyuta cha kujifunzia), nayo ni nzuri: huna haja ya kununua kile kibao, mfano wake uko kwenye skrini na taa zake 25. Mimi naitumia kidato cha pili kwenda juu.

Kwa wazazi, sema "kuandika programu". Nilisema "kodi" kikaoni, baba mmoja akafurahi kwamba hatimaye watoto watajua mambo ya mapato.

Shida iliyonichelewesha kuliko mtandao ni kipanya. Wakikaa watatu, mmoja anakishika, wawili wanakuwa watazamaji wa mpira. Sheria yangu sasa: anayeshika kipanya haamui chochote, anafanya anachoambiwa na wenzake, na kila dakika tano nagonga meza wabadilishane. Wale wenye kompyuta nyumbani hununa wiki ya kwanza.