Ukiwasha ikwalaiza ya otomatiki kwenye PAM4, funga kigingi kwanza

Nimehangaika na linki za PAM4 (zinazotuma data kwa viwango vinne vya ishara, biti mbili kwa mpigo) miaka kadhaa sasa, na kila nikiitwa kumsaidia mtu ambaye linki yake imegoma nakuta ugonjwa ni uleule ulionitesa mimi mwanzo: kawasha kila kitu cha otomatiki kwa mpigo mmoja, gaini (kiasi cha kukuza ishara), tapu (vizidishi vya ikwalaiza, ile sehemu inayosafisha ishara iliyoharibiwa njiani), vizingiti (mipaka ya kutenganisha viwango), saa ya kupokelea, alafu anasubiri vikae sawa vyenyewe. Havikai.

Yangu ilikuwa linki ya gigabiti 53 kwa njia moja, simboli moja, yaani kiwango kimoja kinachotumwa, inadumu kama pikosekunde 38 tu, na nilikuwa nimetoka kwenye linki za viwango viwili ambako nilizoea kuwasha na kuondoka. Basi nikawasha. Ile namba ya tofauti ambayo algorithimu inatakiwa kuipunguza ikaanza kushuka, ikashuka, ikakaribia sifuri, nikajua tayari nimemaliza. Kuja kuangalia biti zenyewe, takataka tupu! Siku mbili nzima nalaumu kebo, nabadilisha konekta, kumbe kebo haina kosa lolote.

Kilichotokea ni hiki. Tofauti inayopimwa ni kati ya kilichopokelewa na kiwango kinachotarajiwa, sasa mimi nilikuwa nimeruhusu pande zote mbili zisogee. Tapu zikawa zinapunguza ishara, viwango vinavyotarajiwa navyo vinaifuata ishara chini, tapu zinashuka tena, mwisho wa safari ni sifuri kwa sifuri, na sifuri ukitoa sifuri hakuna tofauti, kwa hiyo algorithimu kwa upande wake imefanya kazi nzuri kabisa. Dawa yake: funga kigingi kimoja. Ama tapu kuu ibaki 1 na viwango vifuate, ama viwango vibaki pale pale na gaini ifuate. Usiachie vyote viwili, hata kama kitabu cha chipu kinakuruhusu.

Na kwanini PAM4 haina huruma hivi? Chukua viwango vyake, -3, -1, 1 na 3. Tuseme simboli iliyopita imeacha mkia wa asilimia 10 tu. Kwenye viwango viwili mkia huo unakula asilimia 10 ya nafasi kati ya kiwango na kizingiti, ila kwenye PAM4 simboli ya 3 inaacha mkia wa 0.3 wakati nafasi yako hadi kizingiti ni 1, yaani asilimia 30 imeondoka kwa mkia uleule mmoja, na bado hujahesabu kelele ambayo tayari imekunyang'anya desibeli 9.5 hivi kwa sababu jicho moja (ile nafasi wazi kati ya viwango kwenye picha ya ishara) limegawanywa matatu. Ndo maana kinachosamehewa kwenye viwango viwili huku hakisamehewi.

Jambo la pili, usiache tapu zijifunze kwa maamuzi ya mpokeaji mwenyewe wakati jicho bado limefumba. Hili halikuanza leo, Robert Lucky wa Bell Labs alishalionyesha mwaka 1965 kwenye modemu za simu, kwamba mbinu yake ina uhakika wa kufika kama jicho limefunguka tangu mwanzo. Kwa hiyo tuma mpangilio ambao mpokeaji anaujua, na mimi napenda kuanza na viwango viwili vya nje tu, -3 na 3, tapu zikitulia ndipo naingiza vya ndani. Kama huna nafasi ya mafunzo kabisa, njia ya mtafiti Sato ya 1975 ipo, ilitengenezwa kwa ajili ya ishara za viwango vingi hasa: unajifanya kuna viwango viwili tu, na kwa PAM4 unalinganisha na 2.5 au -2.5 kufuatana na alama ya ishara. Inakwenda taratibu na inatetemeka, ila inafungua jicho, alafu unahamia kwenye maamuzi ya kawaida.

Saa nayo. Kama inasoma muda kwa kusawazisha mabaki ya simboli kwa jirani wa kabla na jirani wa baada, kumbuka ikwalaiza inayafuta mabaki hayohayo, basi saa inasogea, tapu zinaifuata, saa inasogea tena, hadi tapu moja inagonga ukuta. Mimi nafunga tapu ya jirani wa kabla, na loopu ya tapu naiendesha polepole sana kuliko ya saa.

Tapu za marejeo ya maamuzi, zile zinazoondoa mkia wa simboli ambazo mpokeaji ameshaziamua, zinataka tahadhari pia. Ile ya kwanza ikikaribia 1, kosa moja linazaa mengine mfululizo, na mfululizo mrefu unaumaliza msimbo wa kusahihisha makosa hata kama wastani wa makosa unaonekana mzuri. Hapo ama ibane isipande sana, ama washa usimbaji wa awali upande wa mtumaji, ambao unageuza mfululizo huo kuwa makosa mawili tu, la mwanzo na la mwisho.

Alafu usitosheke na picha ya jicho, soma tapu zenyewe. Andika thamani zake bodi ikiwa baridi, ipashe moto, andika tena. Iliyofika mwisho wa uwezo wake haina tena pa kwenda joto likibadilika, kwa hiyo rudi kwa mtumaji urekebishe kule, alafu anza mafunzo upya kuanzia -3 na 3.