Ati "ni maji tu": maswali yenu kuhusu dawa za kazini

Mwezi huu nimepokea maswali mengi kuhusu dawa za kuoshea matangi, kutolea kutu, kung'arishia nguo na kupozea mashine, zile zote zinazokuja zikiwa zimeyeyushwa ndani ya maji. Nimechagua machache. Mengine nimeshayajibu, na nitayajibu tena kwa sababu watu bado wanaumia.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Supavaiza wetu asema kostiki, ile soda kali tunayooshea matangi, imeshapunguzwa kwa maji, kwa hivyo kudai glavu ni kujidekeza. Ni kweli? (Kibarua, Changamwe)

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli. Imepunguzwa kiasi gani? Ukali wake hupimwa kwa pH: maji safi ni 7, na kadiri namba inavyopanda juu ya hapo ndivyo kostiki inavyozidi ukali. Gramu 40 za kostiki katika lita moja ya maji zinafikisha pH 14. Iongeze maji mpaka iwe lita 10, pH itashuka hadi 13 tu. Ifikishe lita 100, bado uko 12. Kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara kumi, ndiyo maana ndoo mbili tatu za maji hazibadilishi mambo kama macho yanavyodhani.

Tena maji ndiyo yanayoifikisha kostiki kwako. Kostiki kavu ikimwagika sakafuni utaiona na utaifagia. Ikiwa majini hupenya kwenye mshono, hushuka ndani ya gambuti, ikakaa na ngozi kutwa. Ule utelezi unaousikia vidoleni si sabuni iliyobaki kwenye tangi. Ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayogeuka sabuni. Na kostiki haiwashi mapema kama asidi, kwa hivyo ukija kusikia uchungu, imeshakwenda ndani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga kwa kazi za namna hii. Huombi hisani. Kama mko wafanyakazi 20 au zaidi, sheria hiyo hiyo inataka muwe na kamati ya usalama. Ulizeni kamati yenu iko wapi na ilikutana lini mara ya mwisho.

SWALI: Nikichanganya blichi na asidi ya kusafishia vyoo, si uchafu utatoka upesi zaidi? (Msafishaji, Nyali)

JIBU: Usichanganye. Hutoka gesi ya klorini, nayo ni nzito kuliko hewa, hujaa chini: chooni, shimoni, ndani ya tangi, pale pale ulipoinama. Blichi na dawa yenye amonia pia usichanganye. Swali hili limenifikia mara nyingi mno, na kila mara muulizaji huongeza kwamba yeye ameshajaribu na hakudhurika. Ulibahatika. Aliyevuta gesi hiyo akakohoa kidogo asiachwe akalale peke yake, kwa kuwa mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Apelekwe hospitali hata akisema yu mzima.

SWALI: Mie ni fundi wa betri. Kipi kinaanza, maji au asidi? (Kisauni)

JIBU: Maji kwanza, kisha asidi, kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukimimina maji juu ya asidi kali, joto hupanda ghafla na mchanganyiko hukurukia usoni.

Na kwa kuwa umeuliza, nikuongezee. Asidi ya betri mnaiita "maji ya betri", na jina hilo limewaharibia watu wengi nguo na ngozi. Tone likiangukia shati, kinachokauka ni maji. Asidi yenyewe haikauki, inabaki, na kila maji yanavyopungua ndivyo inavyozidi makali. Ndiyo maana tundu huonekana kesho yake. Ukirukiwa, vua nguo hapo hapo na ujimwagie maji. Usingoje ikauke.

SWALI: Tunanunua dawa kwa pipa kisha tunaigawa kwenye chupa za maji za nusu lita, kila mtu apate yake. Kuna ubaya? Tunajuana sote hapa. (Msimamizi wa ghala, Shimanzi)

JIBU: Ubaya ni mkubwa, na hapa naomba unisikilize hadi mwisho.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya stoo katika kiwanda kimoja. Nasi tulijuana sote. Dawa ya kuoshea mashine, iliyokuwa na kostiki, iligawiwa kwenye chupa za soda, zikapangwa dirishani. Haikuwa na rangi wala harufu. Siku moja adhuhuri, wakati wa kaskazi, joto la kuchoma utosi, aliingia mwenzetu aliyekuwa akipakua mizigo nje. Akachukua chupa, akanywa mafunda mawili kabla hajaitema. Tukamkimbilia. Mmoja wetu akamtia vidole kooni atapike, akidhani anamwokoa. Kumbe alikuwa akiipitisha ile kostiki kooni mara ya pili. Yule ndugu aliishi, lakini koo lilifanya kovu likabana, na kwa miaka mingi chakula chake kilikuwa uji. Alikuwa na miaka 24. Tangu siku ile sijaweza kuiona chupa ya kinywaji imetiwa kitu kisichokuwa kinywaji nikanyamaza.

Mgeni hamjuani naye. Kibarua wa siku moja hamjuani naye. Mtoto aliyemletea babake chakula cha mchana hamjuani naye. Na wewe mwenyewe, ukiwa na kiu, hujijui.

Basi fanya hivi leo. Nunua chupa ambazo hazifanani na za kinywaji. Juu ya kila moja andika jina la dawa, ukali wake na alama ya hatari, kwa wino usiofutika, kisha uipakie utepe wa plastiki kwa kuwa jasho na unyevu wa huku hufuta kila kitu. Usiandike "dawa". Dawa ya nini? Neno hilo linafunika kila kitu, kuanzia panadol hadi asidi. Mtu akimeza, asitapishwe: asukutue mdomo, ateme, na akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari ajue anapambana na nini.

SWALI: Ni kweli maziwa huondoa sumu ya rangi na asidi mwilini? Bosi hutununulia pakiti moja kila jioni. (Mpaka rangi, Jomvu)

JIBU: Hapana. Maziwa huenda tumboni, mvuke umekwenda mapafuni. Kunyweni kwa lishe, lakini pesa ile ingenunua barakoa yenye kichujio cha mvuke. Na rangi ya maji nayo si salama kwa sababu tu haina harufu ya tina, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta. Hutiwa viuavijidudu isioze ndani ya kopo, na hivyo huwapa baadhi ya watu mzio wa ngozi ambao ukishaingia hautoki.

SWALI: Mwenzetu alirukiwa na dawa jichoni. Tulimpakia kwenye tuktuk mara moja, tukafika kliniki baada ya dakika 25, lakini daktari alitukemea. Tulikosea nini? (Wafanyakazi, Miritini)

JIBU: Mlimpeleka kabla ya kumwosha. Poleni, najua mlikimbia kwa huruma. Lakini jicho huamuliwa katika dakika zile za kwanza, na ndani ya tuktuk hakukuwa na maji. Kazi ya kwanza ni kuosha hapo hapo, kope zimefunuliwa kwa vidole, maji yakitiririka taratibu kwa dakika 15 bila kukoma. Ikiwa ni kostiki, endelea zaidi ya hapo, na mkiweza endeleeni hata njiani. Msitie siki wala limau ati kuizima. Maji safi peke yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hamkuniuliza. Sote tunajua mifereji ya Mombasa. Maji yanatoka Mzima, Marere na Baricho, na kuna siku hayatufikii. Kiwanda kinanunua maji ya mkokoteni, halafu ukutani kuna bomba la kuoshea macho lililokauka, limewekwa kwa ajili ya mkaguzi. Bomba kavu ni hatari kuliko kutokuwa na bomba, maana mtu aliyefumba macho kwa uchungu atalipapasa akitarajia maji. Piga hesabu: kuosha macho kunahitaji kama lita moja na nusu kwa dakika. Kwa dakika 15 ni lita 22 na nusu. Mtungi mmoja wa lita 20 hautoshi. Wekeni miwili iliyojaa, safi, imefunikwa, hatua chache kutoka penye dawa, ibadilishwe maji kila wiki, na isiguswe kwa kupikia chai wala kutawadhia. Bafu la dharura la mwili mzima ni kama lita 75 kwa dakika, kwa hivyo tangi la lita 1,000 halimalizi dakika 15. Mwenye kiwanda anayetumia asidi kwa mapipa ajenge tangi la pili.

SWALI: Mitungi yetu ya blichi imevimba kama puto. Niitoboe? (Muuza dawa, Kongowea)

JIBU: Usitoboe. Blichi huvunjika kwa joto na jua, ikitoa gesi. Ipeleke kivulini, vaa miwani na glavu, geuza uso, ulegeze kifuniko polepole. Siku nyingine nunua yenye kifuniko kinachopumua, na usiipange barazani.

SWALI: Nafua hotelini. Glavu navaa, lakini mikono imepasuka. (Mama, Bamburi)

JIBU: Pole mama. Tazama ndani ya glavu. Zikishaingia maji ya dawa, zinakuwa mfuko wa kulowekea mikono, bora kutokuwa nazo. Tumia za naitrili zinazofika karibu na kiwiko, ukunje ukingo wake nje ili matone yasiteremke mkononi, na zikitoboka zitupwe. Mikono ikikaa majini au ndani ya glavu zaidi ya saa mbili kwa siku, ngozi hudhoofika hata bila dawa, kwa hivyo omba mpokezane kazi.

SWALI: Asidi iliyokwisha kazi tumwage wapi? Mtaro wetu unaingia baharini. (Karakana, Mikindani)

JIBU: Si mtaroni. Mnaishi jirani na Owino Uhuru, mnajua madini ya risasi ya kiwanda cha betri kuukuu yalivyowafanya watu wa kijiji kile, na kwamba mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Tafuteni mbebaji taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

SWALI: Karatasi ya usalama iliyokuja na dawa ni ya Kiingereza, kurasa 12. Nani ataisoma? (Mwakilishi wa wafanyakazi, Changamwe)

JIBU: Ina sehemu 16, na si lazima uanze na zote. Mwombe mtu akufasirie nne kwanza: ya 2 inaeleza hatari, ya 4 huduma ya kwanza, ya 8 mavazi ya kujikinga, ya 10 vitu isivyopatana navyo. Ziandike kwa Kiswahili, herufi kubwa, ubandike juu ya pipa lenyewe, si ofisini. Na ukiona hatari ya wazi, mwarifu msimamizi. Sheria ile ya 2007 inakataza kuwarudisha watu mahali penye hatari kabla haijaondolewa. Arifu kwa maandishi, uweke tarehe, na nakala ukae nayo nyumbani.